Mada Imetoka, Dakika 15 Zimeanza

Kwenye mashindano ya dunia ya midahalo ya vyuo vikuu, mada hutangazwa dakika 15 kabla ya raundi, na kila msemaji hupewa dakika 7. Wewe wa Bariadi uliyezoea "Elimu ni bora kuliko mali", iliyobandikwa ubaoni wiki nzima, utatokwa jasho. Lifute, kisha fuata haya.

1. Lalamika upesi. Sema "tumeonewa" mara moja, mwenzako naye aseme, yaishe. Wapinzani wenu wamepewa mada hiyohiyo.

2. Ibane mada. Tuseme ni hii: "Mkulima wa Simiyu aachane na pamba." Usikimbilie "dhahabu nyeupe", majaji wameisikia tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Uliza: aachane nayo lini, alime nini, anunue nani?

3. Jiandae kabla mada haijazaliwa. Dakika 15 hazitoshi kujifunza, zinatosha kukumbuka tu. Msimu wa ununuzi wa pamba nenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, simama karibu na mizani, sikiliza karani akiita fifi (daraja la chini) pamba ambayo mwenyewe anaapa ni safi. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, inayokamuliwa mafuta, na mashudu yake ng'ombe wanakula. Hapo una kiwanda, jiko na zizi: hoja tatu za kuitetea pamba. Upande wa pili nao haukosi la kusema: dengu, choroko na alizeti hulimwa Simiyu hiihii, na bei ya pamba huyumbishwa na soko la dunia.

4. Gawaneni muda. Dakika 5 kila mtu aandike kimya; 5 mmoja ageuke mpinzani na ambomoe mwenzake bila huruma; 5 za mwisho mpange nani anasema nini.

5. Punguza salamu. "Mheshimiwa mwenyekiti, majaji wasiopendelea, mtunza muda makini..." Ukifika kwa mpiga kengele, dakika nzima imeshaondoka.

6. Ukipangiwa upande usioupenda, upiganie kama shamba la urithi. Ukishaweza kumtetea mkulima leo na mnunuzi kesho, hakuna wa kukuyumbisha kwa kelele. Mazoezi hayo utayahitaji sana kwenye mkutano wa kijiji, ambako ajenda ya "mengineyo" haitangazwi hata dakika moja kabla.