Heko, Feni ya Nguvu

Mwanza haikosi vya kusifiwa. Kuna sangara, kuna Jiwe la Bismarck, na tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi lililoyaruka maji kwa kilometa 3. Hao wote wana wasemaji wao. Mimi nimesimama kumsemea mnyonge asiye na mtu: feni nyeusi ya plastiki inayochomekwa kwenye bomba la hewa la IST, Passo au Vitz, yenye nyaya mbili na kibandiko cha mwali wa moto. Mtandaoni inauzwa kwa jina la supachaja ya umeme. Gerejini huitwa feni, basi. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi jipya, na ahadi zake ni kubwa kuliko za mgombea udiwani: nguvu zaidi, mafuta kidogo, gari jepesi mlimani.

Wajuzi wanaicheka. Nasema wanaionea.

Kabla ya kuisifu, nimwondolee lawama anayeinunua, kwa sababu watu wanamdhania mjinga, naye si mjinga. Malalamiko yake ni ya kweli. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu Buswelu tumekaa juu zaidi ya ziwa. Huku mgandamizo wa hewa umepungua kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hula hewa kadiri inavyoikuta, na petroli hufuata kipimo cha hewa. Kwa hiyo ile injini ya lita 1.5 ya IST, iliyosifiwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi 109, ikifika kwetu farasi kumi na kitu wamebaki pwani wanakula urojo. Mtu amepakia shemeji watatu, gunia la mchele na ndoo ya dagaa, anapanda kutoka Sabasaba kupitia Kiseke kuja Buswelu, anakanyaga mafuta na gari linamjibu kama mtumishi wa umma saa tisa na nusu alasiri. Ana haki ya kutafuta dawa. Dawa yenyewe ndiyo tunayoisifu leo.

Tukija kwenye nasaba, feni yetu haina sababu ya kuinamisha kichwa. Kazi ya kulazimisha hewa iingie motoni ni kongwe kwenye ziwa hili kuliko petroli. Upande wa pili, Kagera, wahunzi walikuwa wakipuliza tanuri za chuma kwa mivukuto kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba ya udongo ya wahunzi hao, kwa kuingizwa ndani ya tanuri, yaliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. (Kwa tanuri, hewa ya moto ni baraka. Kwa injini ya petroli ni hasara, maana hewa ikipata joto hutanuka na kubeba oksijeni kidogo. Feni yetu, iliyobanwa kando ya injini inayochemka, imefuata mila ya wahunzi bila kuuliza.) Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi akapata hataza ya kutumia moshi wa ekzosi kuzungusha mtambo wa kushindilia hewa, na huo ndio mwanzo wa turbo. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss akaipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, mita 4,300 hivi, kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia nguvu iliyoporwa na mwinuko. Yaani kaka zake wakubwa walijipatia jina kwa ugonjwa huu huu wa Buswelu.

Hata umeme si uzushi. Mwaka 2016 Audi walitoa SQ7 yenye kishindilia hewa cha umeme cha kweli, kikisaidiana na turbo mbili: volti 48, kilowati 7, mizunguko hadi 70,000 kwa dakika. Anayekuambia supachaja ya umeme haipo duniani anakudanganya. Ipo. Ila haiji kwenye bahasha pamoja na klipu mbili na skrubu nne.

Na hapo ndipo unyenyekevu wa feni yetu unapong'aa. Yenyewe hula ampia 4 au 5 kwa volti 12, kama wati 50 au 60. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza karibu lita 75 za hewa kila sekunde. Kuipa hewa hiyo mgandamizo wa Dar es Salaam tu, bila kuzidisha hata chembe, kunadai kilowati moja na nusu hivi za umeme, yaani zaidi ya ampia 100. Altaneta ya gari dogo hutoa ampia 80, ikijitahidi sana 100, na humo humo taa, pampu ya mafuta, redio na betri nazo zinadai chao. Ukitaka kuzidisha mgandamizo kwa nusu, kama turbo za kawaida zinavyofanya, andaa kilowati 7 na uiage betri yako. Feni yetu haikujaribu makuu hayo. Inachukua ampia zake 4, inapuliza, inamshukuru Mungu. Na kwa kuwa altaneta inazungushwa na mkanda wa injini, hata hizo 4 imezikopa kwa mwenye nyumba anayesaidiwa.

Msomaji atanibishia: nimeweka mkono mbele yake, upepo ni mwingi! Ni mwingi kweli. Lakini kusukuma hewa ni jambo moja na kuishindilia ni jingine, kama anavyojua kila aliyewahi kushindilia gobole: kumwaga baruti mtutuni hakujampiga mtu. Izibe feni kwa kiganja uone. Mabawa yanaendelea kuzunguka, na hewa inarudi ilikotoka kwa kupita katikati ya mabawa hayo hayo. Inapuliza vizuri mahali pasipo na upinzani. Injini nayo ikianza kuvuta kwa pupa, feni haiwezi tena kwenda na kasi yake, na hapo inageuka kuwa kitu kilichosimama njiani. Gari lililohitaji hewa zaidi linapata hewa pungufu, kwa mlio mzuri.

Mlio wenyewe tusiupite haraka. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na hawakujua kwamba siku moja debe lingefungwa swichi. Mwenye gari akibonyeza, kitu kinalia mbele, vuuuuu, na mguu wake wa kulia unapata imani mpya. Jana alikanyaga nusu, leo anakanyaga hadi zulia. Gari linaruka. "Umesikia, mkuu?" anamwuliza abiria wake. Abiria amesikia. Kwa hiyo nguvu imeongezeka, na mimi siwezi kubishana na mashahidi wawili.

Halafu kuna ukarimu wake kwa mafundi. Ili feni ifungwe, lazima fundi afungue boksi la hewa, na akilifungua anakutana na kichujio kilichobeba vumbi la barabara zote za mitaa ambazo lami bado inazisikia redioni. Anakibadilisha. Akiwa hapo hapo anasafisha mlango wa hewa uliojaa masizi, anatazama plagi, anakuta mbili zimechoka, anaweka mpya. Jioni gari linaondoka gerejini likiwa jepesi kweli kweli, si la kuwaziwa. Shukrani zote zinaenda kwa feni. Kichujio hakikusema neno, plagi hazikusema neno. Naiheshimu feni kwa jinsi ilivyopokea sifa hizo bila kuona haya, na hivyo ndivyo wakubwa wanavyopokea.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya wema wake mkuu: haifanyi kazi. Naomba nisieleweke vibaya. Injini ya IST imeundwa kwa uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ikitegemea hewa ya kawaida ya Mungu. Ukiishindilia hewa kwa nguvu bila kubadilisha kitu kingine, mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kulipuka kabla ya zamu yake, injini ikaanza kugonga, pistoni zikatoboka, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Ndiyo maana anayefunga supachaja ya kweli hununua pia nozeli kubwa, kipoza hewa, na mtu wa kupanga upya kompyuta ya injini, na akimaliza anagundua kwamba kwa fedha hiyo angepata Forester ya turbo iliyotoka kiwandani hivyo. Feni yetu imemkinga mteja na maafa yote hayo. Ingekuwa na hata robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi lake, gereji za Nyakato na Igoma zingejaa IST zilizolala kifudifudi. Ni mara chache bidhaa kuwa salama kwa sababu ya uwongo wake.

Kuhusu kuokoa mafuta, nitasema machache, maana hapa hata mimi msifiaji naishiwa pumzi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yamesafiri. Ni siku njema kwa wauza matumaini. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, umekwisha kupitia au kupima vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya petroli, vya kila namna, na haukuona hata kimoja kilichopunguza kwa kiasi cha maana. Lakini Marekani ni mbali, na kibandiko kina mwali wa moto.

Wapo wanaotaka kuiaibisha kwa majaribio. Nawaomba waache, kwa sababu jaribio lenyewe ni rahisi mno na halina gharama. Unapanda kilima kile kile, mzigo ule ule, kiyoyozi kimezimwa, mwingine ameshika swichi na saa nyuma ya kiti, anaiwasha au kuizima bila dereva kujua, redio ikiwa juu ili mlio usimfikie, mara kadhaa. Mwisho mnalinganisha muda. Sijui kama kuna urafiki unaostahili kupimwa kwa ukatili wa namna hiyo.

Hata kifo chake kina utu. Plastiki ikichoka kwa joto, bawa hukatika, na kwa kuwa feni imefungwa baada ya kichujio, hakuna cha kukizuia kipande hicho kisielekee ndani ya injini. Haifii ugenini. Nyaya zake nazo, zikiwa zimeungwa kwa selotepu bila fyuzi, zinaweza kuwasha ule mwali ulioonyeshwa kwenye kibandiko, na hapo angalau ahadi moja itakuwa imetimizwa.

Jambo la mwisho, nalo watu wa ziwa watalipenda. Nyingi za feni hizi ni za ukoo wa vipulizi vya kwenye boti, vile vya kuondoa mvuke wa petroli katika chumba cha injini kabla mtu hajapiga stata, ili boti isilipuke. Kazi hiyo huifanya vizuri, tena huokoa maisha. Haikuomba kuhamishiwa barabarani. Aliyeitoa majini akaiandika supachaja ndiye mwenye kesi, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza kwa vibandiko.

Basi wewe mwenye IST nzito hapo Buswelu, badilisha kichujio cha hewa, weka plagi mpya, jaza upepo kwenye matairi, na shemeji mmoja apande daladala. Fedha ikiendelea kukuwasha, nunua feni, lakini usimruhusu fundi alikate bomba la hewa. Mwambie aifunge juu ya dashibodi, yenye fyuzi, ikuelekee usoni. Kwenye foleni ya Buzuruga saa nane mchana, wati zake 50 zitatosha kabisa.