Nimelikubali Deni, Sasa Nipeni Mbuzi Wangu

Kwa Meneja Mkuu,
Benki Ambayo Jina Lake Nimelihifadhi,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: DENI LA SHILINGI 48,600 PAMOJA NA MBUZI WAKE

Pokea salamu za mdaiwa wako mpya.

Jina la benki yako nimelibana kwa makusudi. Sisi mafundi cherehani wa Nakuru bado tuna ushamba wetu: hatumtangazi mtu kuwa mkosaji kabla ya kuhakikisha kwamba ndiye. Najua huko kwenu desturi hiyo imepitwa na wakati, kwa hiyo nivumilie.

Habari za udaiwa wangu nilizipata kwenye sacco, nilikokwenda kuomba mkopo wa kununua mashine ya ovalok. Sare za shule hushonwa mwisho wa mwaka, na fundi asiye na ovalok msimu huo huketi akiwatazama wenzake wakipokea oda. Hisa zangu zilitosha na wadhamini walikwisha kutia sahihi. Afisa wa mikopo, binti mwenye adabu anayeniita mzee kabla ya wakati wangu, alibonyeza kompyuta, akanyamaza, kisha akaigeuza skrini nijionee mwenyewe. Kati ya mistari iliyonyooka ya mikopo niliyolipa kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: tawi la Isiolo, salio 48,600, siku za kuchelewa 412. Nambari ya simu iliyoandikwa pale haikuwa yangu. Nambari ya kitambulisho ilikuwa yangu kabisa.

"Mzee, kwani Isiolo ulikopea nini?" akaniuliza kwa upole.

Nikashindwa kumjibu. Isiolo mimi huisikia kwenye taarifa ya habari.

Jibu lilitoka kwenye kaunta yako. Kijana wako wa huduma kwa wateja alichungulia kompyuta akanifahamisha kwamba mkopo ule ulikuwa wa kununua mbuzi. Kumbe kuna bwana mmoja aliyefika tawini Isiolo, akapewa hela, akanunua mbuzi, kisha malipo yakamshinda. Karani wenu alipokuwa akinakili kitambulisho cha bwana huyo, tarakimu mbili zikabadilishana viti: 69 ikawa 96. Mwenye 96 ndiye huyu anayekuandikia.

Nimelitafakari jambo hili, Bwana Meneja, nikaona nisibishane nawe. Mimi ni nani hata nishindane na kompyuta? Deni nimelikubali. Ila wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi mmenifikisha matangani moja kwa moja. Harusini sikuonja hata pilau. Naomba basi mnirudishe nyuma kidogo, nipewe kila kilicho haki ya mdaiwa halali.

Kwanza, naomba mbuzi wangu. Siwezi kuwa na deni la mbuzi bila mbuzi. Naomba pia uzao wao, kwa sababu mbuzi hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano na hupenda kuzaa mapacha, na kama riba yenu imekuwa ikizaa siku zote 412, haiwezekani mbuzi wangu peke yao wawe tasa. Kwa hesabu zangu mimi sasa ni tajiri mwenye zizi, na nashangaa benki yenu haijanipigia simu kunishawishi nifungue akaunti ya watu mashuhuri. Ikiwa ukame uliwamaliza, nitaridhika na ngozi zao, au angalau meseji ya rambirambi.

Pili, naomba notisi yangu. Kanuni za CRB, yale mashirika yanayotunza rekodi za wakopaji, zinakutaka umpe mteja notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka habari zake mbaya, ili kama kuna kosa alisahihishe mapema. Kijana wako ameniapia kwamba notisi ilitumwa, na simkatalii. Ilitumwa kwa ile nambari ya simu ya bwana wa Isiolo. Onyo likaenda kwake, adhabu ikaja kwangu. Hapo nakiri mmetenda haki: kila mmoja wetu amepata kitu.

Tatu, naomba unieleze ni nani hasa anayeweza kuufuta mstari ule, maana nimezungushwa hadi nikasahau nilikuwa nikitafuta nini. Kosa la karani mmoja wa Isiolo mmelifikisha katika mashirika yote matatu ya CRB yenye leseni ya Benki Kuu, kwa bidii ambayo laiti mngeitumia katika foleni zenu. Nikienda CRB naambiwa, "Sisi hutunza tulicholetewa, nenda kwa aliyekileta." Nikija kwako naambiwa, "Mambo ya orodha ni ya CRB." Kanuni zinasema mteja akipinga taarifa, shirika liibandike alama kwamba inabishaniwa, kisha lichunguze. Uchunguzi wenyewe ukoje? Shirika linakuuliza wewe kama ulikosea. Wewe unaiuliza kompyuta. Kompyuta inasoma alichoandika karani. Kisha mimi natumiwa meseji inayoanza "Mpendwa mteja" na kuishia kwamba taarifa imethibitishwa.

Katika kuthibitisha huko, mlinitaka nilete ushahidi kwamba sikukopa. Nikajitahidi. Nilimwendea chifu wa lokesheni yetu anipe barua. Mzee wa watu alichukua kalamu, akavaa miwani, kisha akaniuliza: "Niandike kwamba hukukopa lini, na saa ngapi?" Tukabaki tunatazamana. Barua ya kwamba mtu amezaliwa anaijua, ya kwamba amekufa anaijua, hata ya kwamba ng'ombe ni wake anaijua. Ya kwamba mtu hakufanya jambo fulani katika mji ambao hajawahi kukanyaga, ofisi yake haina fomu. Wakili wa karibu alikuwa tayari kunitengenezea hati ya kiapo, kwa ada. Kwa hiyo sasa ninatakiwa kulipa ili niape kwamba sikulipwa.

Kijana wako aliponiona nimechoka, akanionea huruma. "Mzee, si ulipe tu yaishe? Dawa ya deni ni kulipa." Nilikaribia kumshukuru. Kisha nikakumbuka kwamba kwa kanuni zenu taarifa ya deni baya haifutiki siku ya kulipwa. Hubaki kwenye rekodi miaka mitano tangu lilipolipwa. Nikilipa leo, nitakuwa nimetoa 48,600 ili niandikwe rasmi kuwa nilikopa Isiolo, nikachelewesha, nikalipa kwa shida. Juu yake nitafute cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba nimejisafisha. Deni litakuwa limeingia kwenye vitabu vyenu kwa bahati mbaya, nami nitakuwa nimelihalalisha kwa pesa zangu.

Usidhani sioni wema unaotendeka nchini. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu iliagiza kwamba anayedaiwa chini ya shilingi 1,000 asipelekwe CRB, ikawaondoa pia kwenye mfumo wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa, waliokuwa wakimwaga majina ya watu humo watakavyo. Tulipiga makofi. Novemba 2022 ukaja mpango wa kuwanasua waliokwama na mikopo ya simu, benki zikiwapunguzia angalau nusu ya deni. Tukapiga makofi tena. Lakini katika huruma zote hizo sikuona mstari hata mmoja unaomhusu ambaye hakukopa kabisa. Mwenye deni la kweli alipunguziwa nusu. Mimi nipunguziwe nusu ya mbuzi gani?

Na wakati tukizungushana, mambo mengine hayangoji. Msimu wa sare ulipita, na oda za shule mbili zilikwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Wadhamini wangu, watu niliojenga nao imani kwa miaka, sasa hunisalimu kwa tahadhari, na mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeingia kwenye kamari. Mimi angalau nina cherehani. Kuna vijana walioomba kazi serikalini, wakatakiwa kubeba bahasha yenye vyeti vya kodi (KRA), mkopo wa elimu ya juu (HELB), maadili (EACC), polisi na CRB, na kijana wa aina hiyo akikutana na 96 yake siku ya kukusanya vyeti, nafasi huchukuliwa na mwingine kabla chifu hajavaa miwani. Raia akishindwa kulipa, jina lake huandikwa. Karani akishindwa kuandika, jina lake haliandikwi popote.

Hata wewe, Bwana Meneja, unapata hasara ambayo kompyuta haikuonyeshi. Ukinikamua mpaka tone la mwisho hapa Nakuru, zile hela za Isiolo hutaziona. Mdaiwa wako halisi ana rekodi inayong'aa. Akiingia benki yoyote kesho atapewa mkopo mwingine, labda wa ngamia. Sina ugomvi naye. Kwa ukame uliopiga kaskazini, huenda alibaki na kamba mkononi. Lakini umeweka mlinzi getini amzuie mtu fulani, na mlinzi anamzuia mtu mwingine kila siku huku yule wa kwanza akipita na kupungiwa mkono.

Jambo linaloniuma zaidi ni wepesi wa dawa yake. Katika tawi lenu la Isiolo lipo faili la mkopo ule. Ndani yake ipo fomu yenye sahihi, na nyuma ya fomu imepigwa pini nakala ya kitambulisho. Kwenye nakala hiyo kuna jina, kuna tarehe ya kuzaliwa, kuna alama ya kidole gumba, na kuna picha ya uso wa mtu. Uso huo si wangu. Kwenye nakala hiyohiyo, kwa wino wa serikali, imeandikwa 69. Kesi hii yote, pamoja na meseji zake na hati zake za viapo, ingekwisha siku ambayo mtu mmoja wa Isiolo angekubali kuinuka kitini, kwenda kwenye kabati, na kutazama.

Ndiyo maana nakuomba mambo yafuatayo, nayo si ya mbuzi. Kabla ya kupeleka jina la mtu CRB, linganisheni nambari ya kitambulisho na jina, tarehe ya kuzaliwa na simu. Visipooana, jina lisitoke. Mtu akisema hakukopa, anayedai ndiye atoe faili, wala asimtume mtu kwa chifu. Na mstari ukifutwa, kila mkopeshaji aliyeuona naye apelekewe barua ya kwamba mlikosea, kwa bidii ileile ya kwanza. Haya sikuyaota. Kifungu cha 35(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imelirudia hilo. Katiba haikuniambia nilete kwanza ushahidi kwamba sikuwa Isiolo.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Tafadhali litume kwa nambari yangu ya simu, ambayo kijana wako ameiandika mara nyingi kwenye kitabu chake cheusi, wala si kwa ile iliyo kwenye kompyuta.

Wako mtiifu,
Fundi wa Nakuru,
Mfugaji kwa mujibu wa rekodi.

Nakala kwa:

1. Mashirika matatu ya CRB. Barua hii ibandikwe kando ya mstari ule, ili anayesoma deni asome na kilio chake.

2. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nakala hii si utani. Ichukuliwe kama malalamiko rasmi.

3. Bwana wa Isiolo, mwenye 69. Ndugu yangu, sikudai chochote, na mbuzi nimekuachia. Ila nimeuliza kwenye sacco yetu nikaambiwa mkopo wangu unaweza kufikiriwa upya nikimpata mdhamini asiye na doa CRB. Nimewazunguka watu wote ninaowajua, na kwa kadiri ya kompyuta za Nairobi hakuna aliye safi kukuzidi. Njoo Nakuru ujiunge nasi. Ada ya uanachama nitakulipia mimi.