Sifa za Mlaji wa Miguu Minne

Mwanachuoni mmoja wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi miongoni mwa wavaao nguo. Nami namheshimu kwa hilo, walakini nathubutu kusema kwamba hakujaaliwa bahati niliyojaaliwa mimi, ya kupakana ua na mbwa wa jirani yangu hapa Tanga, kwa jina lake Popi, na kumtazama akila asubuhi na jioni kwa muda wa miaka mitatu. Kwani lau angalimwona, asingalijishughulisha na uaminifu wake wala subira yake, bali wino wake wote angaliumaliza katika kuieleza adabu yake ya kula.

Fadhila zake ndogo sitakawia nazo. Kwamba ana meno 42, ilhali mimi hata nilipokuwa nayo yote sikuzidi 32, na bado hajasikiwa akilalamika kuwa nyama ni ngumu, hilo ni jambo dogo. Kwamba anywapo maji huukunja ulimi kwa nyuma mithili ya upawa, akajipatia nusu na nusu akaigawia sakafu, huo ni ukarimu wa kawaida. Wala sina haja ya kukumbusha kuwa Mrusi Ivan Pavlov alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa maarifa ya usagaji wa chakula aliyoyapata kwa mbwa, na mbwa wenyewe hawakukaribishwa hata chai. Ama yule mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyenyosha miguu yake ya mbele kizingitini kwa miaka 300 na tisa zaidi pasina kuulizia chakula, yeye yu katika daraja ambayo mimi na Popi hatuithubutu; hasa Popi.

Fadhila niliyoikusudia ni moja, nayo ni mkao. Mbwa hula kwa mwili mzima, na mwili wake wote ni hati iliyo wazi, isomwayo na kila mwenye macho. Apewapo chakula chake cha halali, ugali na vichwa vya samaki, husimama juu ya sahani ya bati, miguu ya mbele ameitanua kidogo, shingo chini, mkia ukienda polepole kama pepeo la mkaa. Na sahani ikimkimbia huifuata, ikasota naye kutoka jikoni mpaka langoni, hata wapita njia wakajua kuwa nyumba ile leo kumelika. Apewapo mfupa hulala kifudifudi, akaukumbatia kwa viganja viwili, kichwa amekiinamisha upande kama seremala akaguaye unyofu wa ubao, akautafuna kwa magego ya kulia, kisha ya kushoto, pasina upendeleo. Apatapo kipande kinono mno asichosadiki kuwa ni chake, hakili hapo alipopewa, bali hukichukua mpaka kibarazani kwangu (kwa nini kwangu, Mola ndiye ajuaye) akakila huko kwa wasiwasi. Na akiwa ameiba, hapo ndipo adabu yake ing'aapo kuliko zote: huupa ukuta mgongo, akayalaza masikio, macho akayaelekeza mlangoni, akameza bila kutafuna, na mtu akitokea, ajapokuwa yu mbali, yeye hunguruma, yaani hutoa taarifa rasmi ya kwamba hapa pana ulaji, na mlaji ni yeye. Nimeutafakari sana mngurumo huo. Ni tangazo, ni stakabadhi, ni ungamo, yote kwa pumzi moja. Na mwenye kuutoa hahitaji mkaguzi wa hesabu, maadamu yeye mwenyewe ndiye mshtakiwa na ndiye shahidi. Laiti ingewezekana, ilimu hii ingefunguliwa chuo, mwaka wa kwanza wanafunzi wakasoma Mkia, wa pili Masikio, na wale wachache wenye vipaji wakapandishwa hadi Mngurumo, nao ni bahari isiyo pwani.

Nilikuwa nimefika hapa katika utunzi wangu niliposikia kishindo jikoni. Popi alikuwa ndani ya sufuria yangu ya mchuzi wa nazi, kichwa chote, na kwa haki ya Mungu alinguruma, ila mngurumo wenyewe ulitoka na mwangwi kama wa ngoma. Mchuzi wa kamba! Nao ulikuwa haujapoa! Sasa sisi tufuatao madhehebu ya Shafii twajua kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Udongo ninao. Maji sina. Maji nayanunua kwa dumu, kwa kijana wa mkokoteni ambaye, akishapata fununu kuwa nyumba ina chombo cha kutwahirisha, hupandisha bei pale pale mlangoni. Na maji sina kwa sababu mtaa wetu hauna kisima, na hauna kisima kwa sababu una kamati ya kisima.

Kamati hiyo ina watu tisa. Mchango nimetoa, jirani ametoa, na yule mjane auzaye vitumbua pembeni mwa njia ametoa kabla yetu sote. Nimehudhuria mikutano yao, na kwa ilimu ile niliyofunzwa na Popi nikaikagua mikao yao mmoja mmoja, nisiambulie kitu. Mweka hazina huketi wima, miwani imemkaa sawasawa, mikono juu ya daftari lililofungwa, kama mtu aliye kwenye khitima. Masikio hayalali. Macho hayendi mlangoni. Aulizwapo habari za fedha hangurumi hata kidogo, bali hujibu kwa sauti laini kwamba jambo li mbioni na kwamba subira huvuta heri. Mara ya mwisho alipokwisha kusema hivyo alitoa leso akafuta midomo. Hapakuwa na chakula mkutanoni, wala chai, wala maji ya kunywa. Alifuta midomo, akaikunja leso kwa nne, akairudisha mfukoni.

Jana alasiri Popi alikuja na mfupa wa kongoro, akaizunguka bustani yangu mara mbili, akachagua pahali katikati ya miche ya bamia, akachimba. Nilitoka na bakora. Nilipofika nikaiweka chini, nikapiga magoti, nikapima kwa mkono: shubiri moja na vidole vinne. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Shekhe, wapima nini?"

"Shimo," nikamwambia. "La kwanza kuchimbwa mtaani tangu tuanze kuchanga."

Akalitazama kitambo. "Mna maji?"

"Mna mfupa," nikasema, "na mwenyewe anajulikana."