Ubongo Huona Kabla ya Macho: Mhadhara wa Bingwa Aliyejitawaza

Mabibi na mabwana, na ninyi mliovutwa na harufu ya pilau, kaeni. Leo mnafundishwa na mimi, Profesa, Daktari, Bingwa wa Kuona wa Afrika Mashariki na viunga vyake. Msiniulize shahada niliipata wapi. Shahada ni karatasi, nami sifanyi biashara ya vifaa vya ofisi.

Mnadhani mnaona kwa macho. Poleni! Jicho ni tarishi tu. Linapeleka barua kisogoni, na huko linamkuta bosi ambaye tangu alfajiri anahangaika na mambo yake ambayo hakutumwa na mtu. Barua ni ileile. Jibu linategemea tarishi amebisha hodi bosi akiwa katika hali gani.

Mambo hayo ya bosi ni mawimbi ya ndani ya ubongo, nayo yana historia. Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu. Alikuwa akitafuta jinsi mawazo yanavyosafiri kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Hilo hakulipata. Alichopata ni mawimbi, kama 10 kwa sekunde, yanayotamba mtu akifumba macho na kunywea akiyafumbua. Akasubiri hadi 1929 ndipo akayatangaza. Miaka mitano! Mimi nadharia zangu huzitangaza kabla hata sijazipata.

Tena ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nishati, na ukiupa kazi matumizi hayapandi sana. Yaani wewe unayesinzia pale nyuma, ubongo wako unakula karibu sawa na huu wangu. Dhuluma hiyo tutaijadili siku nyingine.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi huachwa. Mwaka 2008 Guido Hesselmann na wenzake waliwaonyesha watu, kwa kufumba na kufumbua, ule mchoro wa Rubin: ukitazama hivi ni chombo cha maua, ukitazama vile ni nyuso mbili zinazokabiliana. Mashine ikawa inapima ubongo tangu kabla ya mchoro kutokea. Ikadhihirika kwamba pale ambapo sehemu ya ubongo inayoshughulikia sura za watu ilikuwa imechangamka zaidi, mtu alielekea kuona nyuso. Mchoro haukubadilika hata nukta! Uamuzi ulikuwa umeshaanza kupikwa kabla mgeni hajafika.

Mwaka uliofuata, Niko Busch, Julien Dubois na Rufin VanRullen wakapima vimulimuli vya mwanga hafifu, vile ambavyo mtu mara anaviona, mara havioni. Kimulimuli kikiangukia upande mmoja wa wimbi la ubongo, kinaonekana. Upande mwingine, kinapotea. Wimbi hilo, walisema, linaeleza kama asilimia 16 ya tofauti hizo. Wanyenyekevu wale! Mimi, bila mashine yoyote, nimefikisha 100.

Ushahidi ninao. Jana jioni mwenye duka alisimama mbele yangu na daftari la madeni. Sikumwona. Majirani, watu wasiosoma, wakadai nilikuwa nimejibanza nyuma ya mnazi. Nilikuwa nyuma ya mnazi, ndiyo, lakini kwa sababu za utafiti. Ukweli ni kwamba alitokea wimbi langu likiwa limeshuka. Wapinzani wangu wanasema majaribio yale yalihusu mwanga hafifu wa kupita mara moja, si mtu mnene mwenye tochi anayeita jina lako kwa robo saa. Huo ni ufinyu wa fikra. Wimbi linashuka, linapanda, linashuka tena. Na yeye, kwa bahati mbaya yake, kila alipoita aliliwahi likiwa chini.

Haya, maswali. Sioni mkono hata mmoja. Mnasema nani? Huyo mwenye daftari, pale mlangoni? Simwoni. Swali linalofuata.