Matawi ya Bure Yana Wenyewe

Anayesema Kibaha kuna matawi ya bure hajawahi kumiliki mashine. Mimi habari hizo nililetewa na mpwa wangu, kijana mwenye simu kubwa kuliko mfuko wa suruali yake, alipokuwa ananishawishi nitie mafao yangu kwenye mashine ya kusaga matawi. "Anko, malighafi bure, kazi yako kuzoa tu." Na kweli, miaka yote niliyokaa hapa nimewaona majirani wakimlipa mtu wa mkokoteni awaondolee matawi ya mwarobaini na mijohoro wanayopogoa kabla ya masika. Wasiotaka kulipa waliyachoma, moshi ukaingia kwangu, tukanuniana.

Mashine ilishushwa kwenye Kenta asubuhi. Kufika jioni, matawi yote ya mtaa yalikuwa na bei.

Jirani wa nyuma, aliyenisihi mwezi mmoja tu kabla nimruhusu atupe matawi yake ya mkorosho kwenye kiwanja changu, alikuja amevaa kanzu, akaketi, akanywa chai, ndipo akauliza, "Sasa mzee mwenzangu, ule mkorosho wangu unanipa ngapi?" Nikamkumbusha kwamba uko kwangu, pale ukutani, na aliutupa mwenyewe. "Ndiyo," akasema, "lakini nilikuwa nimeuweka tu."

Mwingine akataka tupime kwa kilo, kwa sababu vyuma chakavu vinapimwa kwa kilo. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Yaani nilipe kilo mia za mjohoro, nianike, nibaki na hamsini na kitu, zilizobaki niwe nimenunua mvua ya mwaka jana. Na hata ukikubaliana na mtu kwa Kenta nzima, ugomvi uko palepale. Kenta iliyojaa matawi mpaka yanagusa nyaya za umeme, ukiisaga inakuwa kichuguu cha kufika magotini. Mwenye matawi anazunguka kichuguu hicho, anachungulia nyuma ya mashine, anauliza kwa adabu kabisa, "Na vingine mzee umeviweka wapi?"

Sasa visu, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Ndani ya mashine kuna ngoma nzito ya chuma yenye visu, inazunguka kwa kasi, na kati ya kisu na chuma kilichotulia kuna upenyo ambao vocha ya simu inapita kwa shida. Kisu kikiwa kikali, tawi linavutwa lenyewe, vipande vinatoka safi, saizi ya ukucha wa dole gumba. Kikiwa butu, mashine inatafuna tu: zinatoka nyuzinyuzi, unatoka moshi, na dizeli inakwenda. Na kinachotia kisu ubutu hapa kwetu si mti, ni mchanga. Tawi likiburuzwa kutoka mtaa wa pili hadi kwangu, gome lake limeshabeba nusu ya barabara. Nimewaomba vijana wayabebe begani. Wamesema begani ni bei nyingine.

Baada ya mchanga kuna misumari. Mti wa barabarani huku kwetu haukui bila kupigiliwa mabango: fundi wa kuzibua vyoo, viwanja vilivyopimwa, mganga. Uliletwa mwarobaini ulioanguka karibu na stendi, nikaukagua kwa macho na kwa viganja, nikapapasa gome lote. Nikautia. Mlio uliotoka uliwatoa watu kwenye daladala. Msumari wa inchi nne ulikuwa umemezwa na mti, gome limefunga juu yake, na kisu changu kimemeguka pembe. Hapo ndipo kijana aliyeleta gogo akakumbuka kwamba palikuwa na bango, amelibandua jana yake akafunikie ndoo ya maji. Akakimbia kulileta. RUDISHA MPENZI, limeandikwa kwa rangi nyekundu, na namba ya simu haina tarakimu hata moja iliyofutika.

Nikapiga. Nilitaka anilipe kisu. Mwenye bango alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, akashusha pumzi, akaniambia, "Mzee wangu, hiyo mashine imechezewa, tena na mtu wa karibu. Njoo na kuku mweusi."

Kuku weusi, weupe na wa rangi zote wako kwa wateja wangu. Kibaha kila nyuma ya nyumba kuna banda, na mabanda yanataka kitu kikavu cha kutandika chini. Wafugaji wamezoea maranda ya seremala na pumba za mpunga. Nawaeleza kwamba maranda ya karakana yanaweza kutoka kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na dawa nyingine zina shaba na aseniki, na kuku ni kiumbe anayedonoa kwanza akafikiri baadaye. Nawaeleza kwamba tandiko lenye unyevu linaota ukungu na kuleta kuhara damu, ndiyo maana mimi naanika vipande mpaka vinalia ukivitikisa. Wanatikisa kichwa, wanakubali kila neno. Halafu wanatoa magunia yao.

Lumbesa nilidhani ni ya viazi na vitunguu. Yuko mama mmoja ambaye gunia lake ameliongezea shingo kwa gunia jingine, ameshona kwa sindano ya shazia, mshono imara kuliko wa koti langu. Mimi namwaga vipande, mwanawe yumo ndani ya gunia anashindilia kwa kurukaruka. Nikamwambia, "Mama, sheria ya vipimo inakataza lumbesa." Akanijibu bila kunitazama, "Baba, hiyo ni ya vitunguu. Hivi ni vijiti."

Mwingine alinunua vya matandazo ya bustani. Nikamwambia atandaze juu, asichanganye na udongo. Akachanganya, akapiga jembe vizuri, eti juu upepo ungevipeperusha. Vipande vya mti vikifukiwa, vijidudu wanaoviozesha wanaikwapulia mimea naitrojeni, na mchicha wake ukageuka manjano. Alirudi na fungu moja la ushahidi, anadai pesa yake na ya mbegu.

Hao hao vijidudu ndio walioniletea balozi. Vipande vibichi vikirundikwa vinachemka vyenyewe, joto ndani linaweza kupita nyuzi 60, na alfajiri ya masika rundo linafuka mvuke wima mpaka juu ya paa. Balozi alikuja na vijana wa ulinzi, ana hakika nimefukia tanuri la mkaa. Akazamisha mkono hadi kiwiko, akautoa haraka kuliko ulivyoingia.

"Na unasema hujawasha?"

"Sijawasha, balozi."

"Kawasha nani?"

Nikamweleza habari za vijidudu. Akawatazama vijana wake, akanitazama mimi, akauliza kama hao vijidudu wana kibali.

Mwenye baa ng'ambo ya barabara, ambaye spika zake hutikisa masufuria yangu mpaka kunakucha, naye amenishitaki serikali ya mtaa. Kwa kelele.

Mpwa wangu hajakata tamaa, na kwa nini akate, pesa si zake. Siku hizi amehamia kwenye mkaa mbadala. Amenisomea mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. "Anko, soko ndilo hilo. Vipande unavisaga viwe unga, unakausha, unagandamiza." Nikamuuliza unga nitasagia nini. "Mashine." Kukaushia? "Mashine." Kugandamizia? Akawa ameshainamia simu, ananitafutia picha.

Jumamosi kaja mzee wa mtaa wa pili kuniuzia mjohoro. Bado umesimama, tena una kivuli kizuri, bodaboda wana kijiwe chao chini yake. Anataka advansi, shule zinafunguliwa. Nikamuuliza unaangushwa lini. Akatazama juu, akasema hilo si lake, ni la upepo. Tulianzia elfu themanini, tumefika hamsini, na bodaboda wametuma mwenyekiti wao aje kuuliza wao watapata ngapi, maana kivuli ni chao.