Seva ya Bure na Mlinzi Wake

Wapo mafundi wanaoapa kwamba kumlipa mtu akutunzie seva ni utumwa. Programu huria zipo, wanasema, tena za bure: PocketBase ni faili moja tu, unaipakua, unaiwasha, na hifadhidata ya SQLite imo humo humo. Kweli kabisa. Kisichomo ni mtu wa kuamka saa nane usiku diski ikijaa. Huyo ni wewe, ndugu yangu, na mshahara wako nao ni wa bure.

Kambi ya pili inalala fofofo kwa kuwa inalipa. Waulizeni waliojenga juu ya Parse, huduma ya kutunziwa seva. Facebook iliinunua 2013, na Januari 2016 ikatangaza kuifunga, wateja wakapewa mwaka mmoja wa kuhama. Tumsifu mwenye nyumba: aliwaachia Parse Server, programu huria, wajiendeshee wenyewe. Waliolipa ili waikimbie kazi ya seva wakakabidhiwa kazi ya seva.

Nakala rudufu? Hapo kambi zote hutazama dari. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, magwiji wa kuhifadhi msimbo wa wengine, walifuta hifadhidata yao kwa bahati mbaya. Nakala walizozitegemea hazikufaa, wakaokolewa na nyingine iliyochukuliwa saa sita kabla.

Wewe mwenye duka la mtandaoni lenye wateja 12, nusu yao shemeji zako, lipia tu. Ukikataa, jaribu kurejesha nakala yako leo, kisha ndiyo uje tubishane.