Kelele Zikishapata Anwani

Wanaolalamika kwamba spika iliyopasuka inawakera wauza vyungu kwenye gulio la Lyulilo, hapa Matema, hawajui sanaa. Hata singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ilipotikisa mitaa ya Manzese na Tandale iliitwa fujo ya wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya singeli, Sounds of Sisso, na mapigo yaleyale, zaidi ya 200 kwa dakika, yakawa majaribio ya kielektroniki. Hakikubadilika kitu ila anwani, na anwani, kama inavyojulikana, ndiyo ala kuu ya muziki. Watatokea wabishi waseme Tandale ilisikia mapema. Ilisikia, sawa, lakini bila maelezo ya jaladani, na asiyesoma maelezo huishia kucheza tu, jambo ambalo wachambuzi makini hujitahidi sana kuliepuka.

Tena tuna hazina zaidi. Mwaka 1952 Mmarekani John Cage alitunga kimya cha dakika nne na sekunde 33, dunia ikavua kofia. Umeme ukikatika hapa wilayani Kyela tunapewa kazi ya jioni nzima, bila kiingilio, nasi kwa utovu wa shukrani tunawasha jenereta.